Kigoda Penye Moshi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, na majiko, na majirani wa kugombana nao kama sisi, palikuwa na kiwanda cha sukari guru kando ya mto.

Kazi ilianza alfajiri. Punda alifungwa kwenye kinu cha miwa akazunguka, na kinu kikalia: kirii, kirii, kirii! Maji ya miwa yaliingia mferejini, yakashuka mpaka kwenye karai la chuma, pana kama sebule. Chini ya karai palikuwa na tanuri, na kwenye mdomo wa tanuri alichuchumaa Ngiri, akisukuma kuni. Juu, kwenye ubao uliozunguka karai, alikimbia Kindi na mwiko wake. Aliengua povu, akakoroga, akaonja kwa ncha ya ulimi, akakimbia tena.

Kindi hakujua kutulia, na kazi ile haikutaka mtu wa kutulia. Sukari guru ikiepuliwa mapema haigandi. Ikichelewa kidogo inaungua, na ikiungua inakuwa chungu hata nzi wanaipita.

Mabonge yaliyoganda aliyabeba Fisi mpaka ghalani. Yalipungua njiani, lakini hakuna aliyewahi kumwona akitafuna.

Na msimamizi wa wote alikuwa Nyati.

Sasa sikilizeni desturi ya kiwanda hicho, maana bila hiyo hadithi hii haipo. Msimamizi alikuwa na kigoda chake. Waliojenga kiwanda walikiweka karibu na tanuri, upande ule ambao upepo wa mtoni hupeleka moshi. Msimamizi aliweza kuzunguka akikagua, lakini kukaa, alikaa pale tu. Tena hakula wala hakunywa mpaka sukari ya siku hiyo igande. Wengine walipokunywa uji wa mapumziko, yeye aliwatazama. Hayo yote yaliitwa heshima.

Siku moja karai lilikuwa limeanza kuchemka vizuri, bwata, bwata, bwata, Nyati akaunguruma kutoka kigodani.

"Ngiri! Moto umelala!"

"Unawaka, Bwana."

"Unanijibu? Mimi? Moto, nimesema!"

Ngiri alishtuka. Alikumbatia kuni zote zilizokuwa mbele yake akazisukuma ndani kwa mara moja. Puu! Ndimi za moto zikatoka mpaka nje ya tanuri. Karai likavimba povu.

"Punguza, Ngiri! Toa kuni! Toa!" alipiga kelele Kindi, akikoroga kwa mikono yote miwili.

Lakini Ngiri alikuwa akimsikiliza mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa bado anaunguruma. Harufu ikabadilika. Kindi aliijua harufu hiyo. Alichovya mwiko, akaonja, akatema.

"Imeungua," alisema.

Kila mtu aliacha kazi. Hata kinu kilisimama. Nyati alishuka kigodani, macho mekundu, machozi ya moshi yakimtiririka puani.

"Nani ameunguza?"

Ngiri alitazama chini. Punda alitazama pembeni. Fisi alimtazama Kindi.

"Mwenye mwiko ni nani?" Nyati aliuliza.

"Ni mimi, Bwana, lakini moto..."

"Moto haukorogi! Sikiliza wewe. Ule mkuyu unamokaa ni mti wa kiwanda. Karai jingine likiungua, utahama na wanao siku hiyohiyo."

"Bwana Nyati! Wanangu hawajafumbua macho, na mvua ndiyo hii inakuja!"

"Basi usiunguze."

Kindi aliangalia mawingu yaliyojikusanya ng'ambo ya mto. Mkia wake ukaanza kupigapiga ubao, tapu, tapu, tapu, na hakuweza kuuzuia.

Saa ya uji ilipofika, wafanyakazi walikaa nyuma ya rundo la miwa. Huko walidhani Nyati hawaoni.

"Mnakula sana!" sauti ikaruka juu ya rundo.

"Anatuona," alinong'ona Ngiri, akimeza uji wa moto bila kupuliza.

Fisi alijinyoosha. "Ndugu zangu, huyu tumuondoe. Kiwanda kinataka mtu wa tabasamu. Nitazameni mimi. Mmewahi kuniona nimenuna?"

"Hatujawahi kukuona umefunga mdomo," alisema Punda.

"Kwi, kwi, kwi! Unaona? Nacheka hata nikitukanwa. Ndiyo tabia ya kiongozi hiyo."

Punda alilamba bakuli lake. "Mimi habari za tabia zimenichosha. Kabla ya Nyati tulimweka nani? Binamu yangu Pundamilia. Mlimjua nyinyi? Alikuwa anayaomba radhi majani kabla ya kuyala. Tukasema, huyu ndiye. Mwezi haukuisha, akanipiga teke. Hapa. Ngiri, njoo uguse uvimbe huu."

"Niliugusa jana," alisema Ngiri.

"Uguse tena. Teke la ndugu wa damu! Na kabla yake alikuwa Kobe."

"Na Kobe alikuwa mkali?" Kindi aliuliza.

"Kobe alikuwa anauma!"

Wote waliangua kicheko, kisha wakakumbuka Nyati wakaziba midomo.

"Sasa hao wako vipi?" aliuliza Kindi. "Huyo binamu yako, leo hii, yuko vipi?"

"Leo? Juzi alikuja kunijulia hali, kaniletea na nyasi. Akaniomba radhi, akaziomba radhi na nyasi. Ni yuleyule wa zamani."

Mkia wa Kindi ukasimama. Ulisimama wima, haukutikisika. Ngiri alimgusa bega akidhani anaumwa.

Siku iliyofuata Kindi aliamka akawahudumia wanawe, wakamchelewesha, akakosa uji wa asubuhi. Alifika kiwandani tumbo tupu. Nyati alikuwa amekwenda shambani kukagua miwa, na kigoda kilikuwa wazi.

"Hebu nione anachokiona yeye," Kindi alijisemea. Akaruka, tii! Akakaa.

Moshi ukamjia usoni. Alifumba jicho moja, akabaki na lingine. Akalifumba hilo pia. Mgongo wake ulikuwa ukipata joto la tanuri, na koo lilikauka. Kwa mbali alisikia kinu: kirii... kirii... Mbona polepole hivyo? Alisikia Ngiri akitafuna kitu. Anatafuna nini saa za kazi? Kwa nini wote wana kitu cha kutafuna isipokuwa yeye?

"Wewe Punda!" Kindi alipiga kelele. "Unazunguka au umelala? Kiwanda hiki si kitanda cha mama yako!"

Kinu kikasimama. Punda aligeuza kichwa, masikio yamesimama.

"Nani huyo? Kindi? Ni wewe umenitukania mama?"

Kindi aliruka kutoka kigodani kama aliyekalia kaa la moto. Alikimbilia upande wenye upepo safi, akashika kifua.

"Nisamehe, kaka Punda. Sijui imetoka wapi."

"Hata sauti ilikuwa yake," alisema Ngiri, bado ameshika kuni moja hewani. "Nilikuwa karibu kuzisukuma zote!"

Kindi alimsogelea Punda. "Nimekaa pale muda wa kuchemsha maji ya chai tu. Umenisikia nilivyokuwa. Yeye anakaa kutwa."

"Basi mwambie," alisema Punda. "Mwambie ahame."

Kindi alimwambia. Alingoja Nyati arudi, akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Bwana Nyati, moshi huo haukuumizi? Huenda upande wa pili..."

"Unasema mimi ni mnyonge?"

"La hasha, Bwana."

"Pundamilia alikaa hapa. Kobe alikaa hapa. Kobe! Leo mimi, Nyati, nililie moshi mbele ya wafanyakazi? Rudi kwenye karai lako!"

Kindi alirudi mbio. Alikoroga akiwaza, akawaza akikimbia. Karai la siku ile liliponea chupuchupu. Jioni alipofika mkuyuni wanawe walimlilia maziwa, na wingu la kwanza lilikwisha kuvuka mto. Mtu aliyekaa penye moshi haambiwi ukweli, alijisemea. Labda uongo atausikia.

Asubuhi alimpitia Nyati kabla moto haujawashwa.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nilikuwa nashangaa tu. Hivi uji wetu huonjwa na nani?"

"Kwa nini uonjwe?"

"Si nasikia ng'ambo ya mto msimamizi ndiye anayeonja kwanza? Wafanyakazi wakipatwa na tumbo, karai linabaki peke yake, sukari inaungua. Kwa hiyo yeye huweka roho yake mbele. Sasa watu wanasema hapa kwetu hakuna msimamizi mwenye kifua hicho."

Pembe za Nyati ziliinuka. "Nani anasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu tu, Bwana. Unawajua watu."

Nyati alikwaruza ardhi kwa kwato, kwaru, kwaru. "Lakini desturi inanikataza kula."

"Kula, ndiyo. Nani kakwambia ule? Mimi nimesema uonje."

Uji ulipoletwa, Nyati alisimama mbele ya chungu mbele ya wote, akatoa kifua, akazamisha mdomo. Fyoooo! Chungu kikabaki nusu.

"Una sumu?" aliuliza Kindi.

"Sijahakikisha bado," alisema Nyati. Fyoooo!

Punda alichungulia chunguni akatikisa kichwa. Siku hiyo wafanyakazi waligawana masazo. Siku iliyofuata mpishi wa uji alileta vyungu viwili, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu tangu msimamizi aanze kuonja, hakuna aliyeambiwa kwamba anakula sana.

Ikabaki habari ya moshi.

"Bwana Nyati," Kindi alimwambia, "mabonge ya sukari yanapungua njiani."

"Najua! Nikimkamata mwizi nitamwinua na pembe hizi!"

"Lakini kutoka kigodani huwezi kuiona njia ya ghalani. Moshi unaziba. Mwizi anajua hilo. Kutoka pale kwenye kile kichuguu, upande wa upepo, unaona ghala, unaona kinu, unaona tanuri, unaniona mimi."

Nyati alikitazama kichuguu. Kilikuwa kirefu, na juu yake palikuwa na kivuli.

"Kigoda hakihamishwi," alisema.

"Kwani nani atakihamisha? Kigoda kibaki palepale, na kofia yako juu yake, kila mtu ajue kina mwenyewe. Wewe utakuwa kichuguuni umesimama, unakagua. Na ukisimama sana magoti yakajikunja yenyewe, hilo ni kosa la magoti."

Nyati alifikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda, na Kindi aliuma mkia wake mwenyewe asije akasema neno la ziada.

"Mwizi huyo," Nyati alisema mwishowe, "atanijua mimi ni nani."

Akavua kofia, akaiweka kigodani, akapanda kichuguu. Kabla jua halijapanda sana, magoti yalijikunja.

Msidhani Nyati aligeuka kuwa njiwa. Alibaki mzito wa kucheka. Alitaka kusalimiwa kwanza, na asiyemsalimia alikumbukwa. Lakini alikuwa ameshiba, na macho yake yaliona. Aliona moto ukizidi kabla haujaharibu, akasema, "Ngiri, toa kuni moja," naye Ngiri akatoa kuni moja. Aliona Punda akichechemea, akasema, "Mfungueni, apumzike." Punda aligeuka nyuma kuangalia kama kuna Punda mwingine.

Sukari ikatoka na rangi ya asali, siku hadi siku.

Kindi peke yake hakutulia. Kila Nyati alipomtazama, alidhani amegundua. Kila upepo ulipobadilika, aliangalia kichuguu. Mwisho alishindwa kuishi na siri hiyo peke yake, akamnong'oneza Punda kisa chote, wakacheka mpaka kinu kikatoka kwenye mstari.

Nyuma ya rundo la miwa alikuwepo Fisi.

Fisi alikuwa amekonda. Tangu Nyati apande kichuguuni, njia nzima ya ghalani ilionekana, na mabonge yalifika yote. Aliyasikia maneno ya Kindi, akaenda moja kwa moja mpaka chini ya kichuguu, akapaza sauti ili kila mtu asikie.

"Bwana Nyati! Umechezewa! Hakuna sumu, hakuna msimamizi wa ng'ambo! Kindi alikudanganya ili akuondoe kwenye kiti chako cha heshima! Anawaambia watu eti wewe huna lolote, kinachoongoza hapa ni uji na kichuguu!"

Nyati aliteremka polepole. Kindi alibaki juu ya ubao wa karai, mwiko mkononi. Hakukimbia. Wanawe walikuwa mkuyuni. Angekimbilia wapi?

"Kweli?" Nyati alimuuliza.

"Sikusema huna lolote, Bwana."

"Mengine?"

"Mengine ni kweli."

"Kwi, kwi, kwi!" Fisi aliruka. "Mmemsikia! Basi kama ni kichuguu, hata mimi nina makalio. Nipeni kichuguu, nipeni uji, muone. Tena mimi nina tabasamu!"

Nyati hakumtazama Fisi. Alikuwa akimtazama Kindi, na kilichomuuma kilionekana kwenye taya zake.

"Haya," alisema. "Fisi, panda. Karai la leo ni lako. Likitoka zuri, wewe ndiye msimamizi, maana itakuwa kweli kwamba mimi na jiwe lolote lililowekwa pale ni sawa. Na mti wa kiwanda utaamua wewe nani akae humo."

"Ule mkuyu?" Fisi alilamba midomo. "Pango lile la shinani linafaa kwa mifupa yangu."

Kindi alipiga hesabu. Karai likiungua, mwenye mwiko atalaumiwa kama siku ile. Likitoka zuri, mti unakwenda kwa Fisi. Aliangalia mawingu. Tone la kwanza lilimwangukia puani. Akashika mwiko kwa nguvu akaanza kukoroga, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine alichokijua.

Fisi alipanda kichuguuni, akajilaza kivulini.

"Wapendwa wangu!" aliita. "Leo hakuna kelele! Fanyeni kila mtu anavyopenda. Leteni uji nionje."

Akaonja. Chungu cha kwanza kikaisha. Akaonja cha pili, akakigeuza juu chini akakilamba.

"Na sisi?" aliuliza Punda.

"Nimewaokoa. Huenda ulikuwa na sumu. Kwi, kwi, kwi!"

Kirii, kirii, kinu kililia. Bwata, bwata, karai lilichemka. Nyati hakuwa na pa kwenda. Kichuguu kilikuwa na mtu, na uji ulikuwa umekwisha. Alikwenda akainua kofia yake, akakaa kwenye kigoda. Moshi ukamfunika.

"Ngiri, ndugu yangu," Fisi aliita, "nenda ghalani uniletee bonge la jana. Msimamizi lazima ajue ubora wa kazi."

"Bwana Fisi, na moto nani atauangalia?"

"Moto una miguu? Utakimbia?"

Ngiri alisita. Alimtazama Kindi, akamtazama Fisi. Aliogopa moto usije ukazimika akiwa ameondoka, basi akasukuma kuni nyingi, akaenda mbio.

Kuni zilishika. Puu!

Karai likavimba.

"Fisi!" Kindi alipiga kelele, akikimbia juu ya ubao. "Moto umezidi! Mwite Ngiri arudi!"

"Acha wasiwasi, mama. Unakimbiakimbia toka uzaliwe, umefika wapi?"

"Itaungua!"

"Ikiungua tutasema ni wewe."

Povu lilifika ukingoni. Kindi alikoroga, akaengua, akakoroga. Ngiri alikuwa akirudi njiani na bonge la sukari kichwani. Alipopita chini ya kichuguu, Fisi alilinyakua kutoka juu akalitia lote mdomoni. Ngiri akabaki amesimama, asijue aende wapi, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Ndipo Kindi akamwona Nyati akiinuka kutoka kwenye moshi.

Macho yalikuwa mekundu. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka puani. Kifua kilijaa pumzi. Alikuwa Nyati yule wa siku ile, na Kindi alijua kitakachofuata. Nyati ataunguruma, Ngiri atashtuka, kuni zilizobaki zitaingia zote.

"Usi...!" Kindi alianza kusema, lakini mvuke wa karai ulimpalia.

Nyati alifungua mdomo.

"Kho!" alikohoa. "Kho, kho, kho!"

Alisimama. Alikitazama kigoda kama mtu anayemwona jirani ambaye hajawahi kumsalimu. Kisha akasogea, akatoka kwenye moshi, mpaka upande wa upepo. Akavuta pumzi. Mvua ilikuwa inaanza kumnyeshea mgongoni. Akavuta pumzi ya pili.

"Ngiri," alisema, na sauti ilikuwa ya chini. "Rudi kwenye tanuri. Toa kuni. Taratibu, usijiunguze. Punda, simamisha kinu. Kindi?"

"Bwana!"

"Ni wewe unayejua. Sema ikiwa tayari."

Ngiri alivuta kuni moja, akavuta nyingine. Ndimi za moto zikarudi ndani. Povu likashuka, bwata... bwata... Kindi alichovya mwiko. Akanusa. Akaonja kwa ncha ya ulimi, na wote wakautazama uso wake.

"Sasa!" alisema. "Epueni sasa!"

Waliimwaga sukari kwenye vibuyu vya kugandishia, wakaviingiza chini ya paa mvua ikizidi. Iliganda. Rangi yake ilikuwa ya asali.

Fisi alishuka kichuguuni mbio, mikono juu. Alitaka kusema, lakini bonge lilikuwa limemgandisha meno.

"Mmh! Mmmh!" Alijitahidi, akalibandua kidogo kwa kidole. "Karai langu! Limetoka zuri! Tulikubaliana! Mimi ndiye msi... mmmh!"

"Anasema nini?" aliuliza Nyati.

"Anasema sukari ya jana ilikuwa na ubora," alisema Punda. "Kumbe kichuguu hakimfundishi kila mtu."

Nyati aliinamisha pembe. Hakuunguruma, aliinamisha tu. Fisi alizitazama, akatazama njia, fyuu! Alikimbia kwenye mvua, mashavu yamejaa, na mpaka leo hakuna kiwanda kinachomwajiri.

Ikabaki habari ya Kindi. Alikuwa amesimama mbele ya Nyati, maji ya mvua yakimdondoka mkiani.

"Ulinidanganya," alisema Nyati.

"Ndiyo, Bwana."

"Ule uji. Siku zote haukuwa na sumu?"

"Haukuwa nayo."

"Ungeniambia ukweli."

"Nilikuambia, Bwana. Ulikuwa umekaa palepale kwenye moshi. Uliniambia nirudi kwenye karai."

 Nyati alijaribu kukumbuka, na kwa uso wake ilionekana amekumbuka.

"Na ungesisitiza?"

"Ungenitupa mtoni."

"Ningekutupa," alikubali Nyati. Alifikiri tena, muda wake uleule mrefu. "Sikupenda kudanganywa. Usinidanganye tena. Nikianza kuwa kama vile, njoo uniambie. Nisiposikia, nishike mkia univute mpaka penye upepo."

"Mimi nikuvute wewe?" Kindi alishangaa.

"Lete wenzio."

"Na mkuyu, Bwana?"

"Mkuyu ni nyumba yako. Hautatajwa tena katika habari za karai." Nyati aligeuka. "Ngiri! Umekula leo?"

Ngiri alitoa kichwa kwenye mdomo wa tanuri, uso mweusi kwa masizi, akasubiri kufokewa. "Hapana, Bwana."

"Unakaa hapo kutwa?"

"Kutwa, Bwana. Nikifika nyumbani mke wangu ananiambia naunguruma kama wewe."

"Toka. Kuanzia kesho tutapokezana, wewe na mimi. Punda, mwambie mpishi alete uji. Mimi nitaonja wa mwisho."

Kindi hakungoja uji. Alikuwa ameshapanda ukuta, ameshavuka paa, anaruka kutoka tawi hadi tawi kwenye mvua, kwenda kuwafunika wanawe kwa majani makavu katika pango la mkuyu.

Na hapo ndipo hadithi yangu inapokauka. Mwenye njaa akale kwanza, ndipo agombane na mwenziwe.

Kiongozi hufanywa na tabia yake, na hufanywa pia na mahali alipokalishwa.